Mbwa Mwenye Kazi: Pwani ya Kilwa na Lindi Mbele ya Dakshundi

Husemwa mara kwa mara kwamba mtu wa pwani na mbwa hawana historia ya pamoja: Uislamu ulipoingia Kilwa mbwa alitoka, na habari za mbwa wa nasaba zilishuka na Wajerumani. Maneno hayo yana chembe ya ukweli, lakini yanafunika jambo kubwa. Pwani ya kusini, kuanzia Kilwa Kisiwani hadi mitaa ya Lindi mjini kama Mtanda, ilikuwa na kanuni zake za kufuga mbwa karne nyingi kabla ya klabu yoyote ya Ulaya kufungua daftari la nasaba. Hoja yangu ni kwamba kanuni hizo, zikiongezewa chanjo na daktari wa mifugo, zinamfaa mtu anayetaka kuzalisha dakshundi, mbwa wa Kijerumani mwenye mgongo mrefu na miguu mifupi, uani kwake kuliko cheti cha ukoo kilichopigwa mhuri.

Tuanze na sheria, kwa sababu ndiyo inayotajwa kwanza. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuta mji wa Kiislamu, na watu wa pwani hii aliwataja kuwa wa madhehebu ya Shafi. Katika madhehebu hayo mbwa ni najisi. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wengi huishia hapo. Lakini hadithi zile zile zinazomkataza mtu kufuga mbwa bure zinamruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba, na aya ya nne ya Sura ya Maida inahalalisha windo lililokamatwa na mnyama aliyefundishwa. Kwa hiyo swali la mwanachuoni lilikuwa kazi: mbwa huyu anafanya nini? Kuna sharti jingine ambalo halizungumzwi sana. Wanachuoni wa Kishafi hawakubali uuzaji wa mbwa. Mwenye mbwa wa halali anaweza kumwachia mwenziwe haki ya kumtumia, lakini hamtii bei kama mbuzi. Matokeo yake kiuchumi ni makubwa: pasipo bei ya mtoto wa mbwa, hakuna anayepata faida kwa kuzalisha jike kila anapoingia kwenye joto. Sidai kwamba kila mvuvi wa Kilwa alisoma vitabu vya fiqhi. Nasema tu kwamba desturi ilikwenda upande huo huo, na methali ya pwani isemayo kuwa mbwa wa msasi mkali ni mkali pia inamwonyesha mbwa mahali alipowekwa, nyuma ya mwindaji, akipimwa kwa kazi ya bwana wake.

Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Nyuma ya miji ya pwani kuna mashamba ya mtama, mpunga, mahindi na mihogo, na adui wa mashamba hayo ni ngedere mchana na nguruwe pori usiku. Ndiyo maana wakulima wa Lindi hulala kwenye madungu wakiamia mazao. Mwaka 2005 watafiti wa simba walichapisha hesabu ya kutisha: tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 560 nchini Tanzania, Lindi ikiwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi, na wingi wa nguruwe pori ulikwenda sambamba na mashambulizi hayo. Nguruwe huwavuta simba mashambani, na huwatoa watu nyumbani walale porini kuwangoja. Katika mazingira kama hayo mbwa anayesikia kabla ya mtu ana thamani isiyohitaji maelezo. Wala hakuchaguliwa na mtu peke yake. Ndorobo nao walichagua. David Bruce alionyesha katika miaka ya 1890 huko Zululand kwamba mbwa akiingizwa kwenye eneo la ndorobo huambukizwa nagana, na ugonjwa huo umewaua mbwa wengi wa kigeni barani Afrika. Bara ya Lindi ilikuwa nchi ya ndorobo kiasi kwamba katika miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi wa Liwale kwa hofu ya malale. Mbwa wa kienyeji aliyebaki hai huko, mwembamba, mrefu wa miguu, mwenye manyoya mafupi, ni kazi ya vizazi vingi vya mchujo ambao haukuandikwa popote.

Sasa tumtazame mgeni, dakshundi, na Wajerumani aliotoka kwao. Mwaka 1888 watu wa Kilwa waliwainukia maofisa wa kampuni ya Kijerumani na kuwaua wawili. Mei 1890 jeshi la Kijerumani chini ya Wissmann likaiteka Kilwa na kisha Lindi. Mwaka huo huo wa 1888, kule Ujerumani, wapenzi wa dakshundi waliunda klabu yao, Deutscher Teckelklub. Sadfa tu, lakini inafaa kukumbukwa, kwa sababu dakshundi naye alianza kama mbwa mwenye kazi. Miguu ile mifupi na kifua kile kipana vilikuwa zana za kuingia shimoni kumfuata mnyama anayefanana na nyegere wetu, na sauti yake nzito ilimwambia mwindaji aliye juu mahali pa kuchimba. Kisha dakshundi akahamia mjini na ikuluni. Kaisari Wilhelm wa Pili aliwapenda mno. Kwa wengi wa wafugaji wake wapya kazi ilikwisha, mwili ukabaki, na mahali pengine mwili ukazidishwa: mgongo ukawa mrefu zaidi, miguu ikawa mifupi zaidi, kwa kuwa waamuzi wa maonyesho walipenda hivyo.

Gharama yake inajulikana leo hadi kwenye chembe za urithi. Mwaka 2009 ilibainika kwamba miguu mifupi ya mbwa wa aina hii hutokana na nakala ya ziada ya jeni moja, na mwaka 2017 nakala nyingine, iliyoko kwenye kromosomu ya 12, ikahusishwa na kuharibika mapema kwa diski za uti wa mgongo. Takriban dakshundi mmoja katika kila wanne au watano hupata tatizo la diski maishani mwake, na wengine hupooza miguu ya nyuma. Ukimpandisha dume wa mabaka kwa jike wa mabaka kwa sababu rangi hiyo inauzika, robo ya watoto hutazamiwa kurithi mabaka pande zote mbili, na hao ndio walio hatarini kuzaliwa vipofu au viziwi. Yote haya yanaweza kutokea chini ya nasaba safi kabisa. Historia ya basenji, mbwa wa Afrika ya Kati, inathibitisha. Wazungu walimpeleka Ulaya, na daftari lake likajengwa juu ya mbwa wachache waliofungiwa humo. Ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukaenea hata wafugaji wa Marekani wakalazimika, mwishoni mwa miaka ya 1980, kurudi Kongo kutafuta mbwa wa vijijini. Mwaka 1990 daftari likafunguliwa kuwapokea. Waliodharauliwa kuwa hawana ukoo ndio walioleta damu mpya.

Kuna watakaonipinga kwa kusema kwamba naipamba desturi iliyowatesa mbwa. Ni kweli kwamba mbwa wengi wa vijijini walikula makombo, hawakutibiwa, na watoto wao wengi walikufa kabla ya mwaka. Kanuni ya kazi haikuwa kanuni ya huruma, ingawa dini hiyo hiyo inasimulia mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Ninachokitetea ni masharti mawili: mbwa awe na sababu ya kuwapo, na uzazi wake usiwe biashara ya kila msimu. Wengine watasema klabu zimejirekebisha. Ni haki kusema hivyo: klabu ya Ujerumani bado ina majaribio ya uwindaji, na katika nchi za kaskazini mwa Ulaya kama Denmark na Finland mbwa hupigwa eksirei ya mgongo ili kuchagua wa kuzalisha. Lakini tazama mageuzi hayo yanakoelekea. Wanarudi kuuliza mwili unaweza nini, swali ambalo mkulima wa Kilwa hakuwahi kuliacha. Pingamizi la tatu, la najisi, halihitaji maneno mengi. Banda safi uani, lenye kivuli na sakafu kavu, linamtenga mbwa na vyombo vya nyumbani.

Upungufu wa kweli wa desturi ya zamani uko kwenye kichaa cha mbwa, na hapa hakuna la kujitetea. Utafiti uliofanywa Lindi na Mtwara kati ya 2011 na 2019 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wanyama waliodhaniwa kuwa na kichaa walikuwa mbwa, na takriban wanne katika kila kumi walikuwa wanyamapori, karibu wote bweha. Maana yake ni kwamba hata mbwa asiyetoka mtaani anaweza kufuatwa na ugonjwa kutoka porini, na kwamba chanjo ya asilimia 70 ya mbwa, kiwango kinachopendekezwa kimataifa, ni kazi ya kila nyumba. Mkazi wa Mtanda anayetaka dakshundi basi na aanze na mgongo wa mama, kabla ya rangi ya mtoto: aombe kumwona jike akitembea na kuruka, aulize amezaa mara ngapi na kama wazazi wake waliwahi kupooza, na asimchukue mtoto kabla ya wiki 8. Chanjo ya kichaa ichomwe afikapo miezi 3 na irudiwe kama daktari atakavyoagiza. Na muuzaji asiyekubali kumwonyesha mama wa watoto, asimlipe.