Akili ya Ujana na Maradhi ya Sukari

Msomaji kijana, ukitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa, ukafika Athi River na kushika njia ya kusini iendayo Namanga, baada ya mwendo mfupi utaingia Kitengela. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilikuta huko watu wapatao 58,000. Ile ya mwaka 2019 ilikuta zaidi ya 154,000. Mahali ambapo ng'ombe walichungwa, na nyumbu wakipita kutoka Mbuga ya Nairobi kutafuta malisho, leo pana maghorofa, maduka, vituo vya matatu na wauza chipsi. Nataka kukusimulia habari ya ugonjwa unaopenda kufuata mabadiliko ya namna hii, nao ni kisukari. Tena nitakusimulia habari ya kipimo ambacho wataalamu wamekihusisha na ugonjwa huo, nacho ni kipimo cha akili katika ujana. Mambo haya mawili yaonekana kuwa mbali kama mbingu na ardhi, lakini historia yayaleta pamoja.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Ndani ya tumbo, nyuma ya mfuko wa chakula, kuna kiungo kiitwacho kongosho. Kiungo hiki hutoa insulini, ambayo huiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia mwilini ifanye kazi. Insulini iligunduliwa Toronto, nchini Kanada, mwaka 1921, na tangu hapo watoto ambao zamani wangalikufa kwa kisukari wameishi. Walakini aina ya kisukari iliyo nyingi zaidi, iitwayo aina ya pili, haiji ghafula. Mwili huanza kukaidi amri ya insulini kidogo kidogo. Kongosho hufanya kazi maradufu, kisha huchoka. Mtu aweza kutembea na ugonjwa huu miaka kadha wa kadha bila kujua, mpaka macho, figo au miguu imjulishe.

Sasa sikiliza habari ya vipimo. Tarehe 1 Juni 1932, watoto wa Uskoti waliozaliwa mwaka 1921 walikalishwa madarasani kujibu maswali ya kupima akili. Walikuwa zaidi ya 87,000. Karatasi zao zikawekwa, zikasahauliwa. Karibu miaka 70 baadaye wataalamu wawili, Lawrence Whalley na Ian Deary, waliwatafuta waliopimwa katika mji wa Aberdeen ili wajue nani angali hai. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2001, yalionyesha kwamba waliopata alama za juu utotoni walikuwa na bahati kubwa zaidi ya kufika uzeeni. Kisha mwaka 2014 wataalamu wa Israeli walitoa habari za wanaume wapatao 35,000 waliopimwa akili wakiwa na umri wa miaka 17, walipoitwa jeshini. Waliokuwa na alama za chini kabisa walipatwa na kisukari cha aina ya pili kwa wingi zaidi, hata baada ya kuzingatia unene wa mwili na hali ya maisha.

Hapa ndipo msomaji mwenye haraka hupotea njia. Atasema, "Basi kisukari ni ugonjwa wa wajinga!" Mimi nasema sivyo, na nakuomba uvumilie nikueleze kwa nini. Masika yakija, majani huota na mito hujaa katika mwezi mmoja. Majani hayakuijaza mito, wala mito haikuyaotesha majani ya mlimani. Mvua ndiyo iliyoleta yote mawili. Yatupasa kuitafuta mvua ya jambo hili.

Sisi wa Kenya tuna sababu ya pekee ya kuwa waangalifu. Katika miaka ile ile ya 1930 na kitu, tabibu mmoja wa Nairobi aliyeitwa H. L. Gordon alieneza maneno kwamba ubongo wa Mwafrika ni duni, akatia shaka kama elimu ya Kizungu yamfaa. Mwenzake F. W. Vint alipima uzito wa bongo za maiti, akachapisha hesabu zake mwaka 1934. Hesabu zikavikwa joho la sayansi, nazo zilikuwa hatari, kwa maana mtu akishasadiki kwamba mtoto hawezi kujifunza, hamjengei shule. Lakini alikuwako pia R. A. C. Oliver, aliyewapima wanafunzi wa shule ya Alliance huko Kikuyu, akatoa kipimo chake mwaka 1932. Yeye alionya kwamba watu waliolelewa katika hali mbalimbali hawawezi kulinganishwa kwa alama tu, kana kwamba alama zatoka katika damu. Kati ya watu hao watatu, wakati umemthibitisha Oliver.

Ushahidi mzuri wa neno lake ulipatikana hapa hapa nchini. Kuanzia mwaka 1998 hadi 2000, katika shule 12 za msingi huko Embu, watoto wadogo waligawanywa. Wengine walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyotiwa mafuta, na wengine hawakupewa kitu shuleni. Waliokula nyama waliendelea kuliko wenzao katika kipimo cha akili kisichohitaji kusoma, kile cha kukamilisha michoro. Ukoo wao haukubadilika. Kilichobadilika ni sahani. Na mtoto asiyelishwa vema tangu tumboni mwa mama hudhoofika ubongo, na kongosho yake pia haikui ipasavyo. Akija kukutana na vyakula vitamu ukubwani, mwili wake huwa hauna akiba ya kupambana navyo. Ongeza na hili: mwenye alama ndogo huacha shule mapema, hupata kazi ya ujira mdogo, hula kilicho rahisi, na akiandikiwa dawa hushindwa kuyasoma maelezo yake.

Turudi Kajiado, maana hapo chakula kina historia ndefu. Kwa mikataba ya mwaka 1904 na 1911 Wamasai walihamishwa kutoka malisho mazuri ya kaskazini, Laikipia ikiwa mojawapo, wakakusanywa kusini, katika nchi ambayo sasa ni Narok na Kajiado. Mwaka 1931 John Boyd Orr, mkuu wa chuo cha lishe karibu na Aberdeen, mji ule ule wa karatasi zilizosahauliwa, alichapisha pamoja na tabibu J. L. Gilks uchunguzi wa lishe ya Wamasai na Wakikuyu. Walisema kwamba mwanamume wa Kimasai, mla maziwa, nyama na damu, alimzidi mkulima jirani yake kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito. Urefu una sababu nyingine pia, wala siwasifu wataalamu hao kwa kila neno. Hata hivyo walikuwa wamegundua kwamba chungu cha mama kina neno katika umbo la mtu. Mwaka 1964 tabibu wa Marekani, George Mann, alieleza kwamba Wamasai wa Tanganyika, pamoja na maziwa yao yote, walikuwa na lehemu kidogo katika damu na maradhi ya moyo haba. Walitembea mchana kutwa nyuma ya mifugo.

Maisha hayo yalitegemea ardhi iliyo wazi. Sheria ya mwaka 1968 iliiweka ardhi hiyo katika ranchi za jamii. Baadaye ranchi zikagawanywa, ile ya Kitengela mwaka 1988. Mwenye kipande kidogo hawezi kufuata mvua na ng'ombe wake. Huuza mifugo, au huuza kipande chenyewe, na fedha hununua unga wa mahindi, mafuta ya kupikia, sukari ya chai. Maziwa huenda sokoni, soda huja nyumbani. Na palipokuwa na mwendo wa saa nne kwa miguu, sasa pana bodaboda. Uchunguzi wa Waluo, Wakamba na Wamasai wa Kenya uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kisukari kwa watu wapatao 2 katika kila 100 wa mashambani, na kwa watu wapatao 12 katika kila 100 wa mjini.

Kumbuka sasa kwamba wale vijana wa Israeli walipimwa wakiwa na miaka 17, wazima wa afya, na kwamba ugonjwa uliwapata wengine wao kabla hawajazeeka. Chakula chao, shule zao na nyumba za wazazi wao vilikuwa vimekwisha kuandika sehemu ya habari hiyo kabla ya swali la kwanza kuulizwa. Mtoto aliyezaliwa Kitengela mwaka wa hesabu ile ya watu 58,000 yuko karibu na umri huo huo, au ameufikia, na huenda ameketi dawati moja nawe.