Boma

Tarime mjini kuna kata iitwayo Bomani. Mgeni asitafute ng'ombe humo: boma hilo ni la serikali. Awali boma ni uzio tu, wa miti au miiba. Wajerumani walipojenga ngome, kama ile ya Ikoma kule Serengeti, neno likahamia kwenye kuta za mawe na kwa bwana shauri aliyekaa ndani. Boma la Kale la Dar es Salaam, lakini, ni la miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid. Wapo wanaodai eti boma ni kifupisho cha Kiingereza. Porojo! Msafiri Stanley aliliandika neno hilo kitabuni mwaka 1872, Mwingereza hajaitawala Tanganyika. Leo kijiji kikitangaza boma la darasa, kuta zimesimama, bati bado.