"Hii Sio Msondo Ile": Ubishi wa Wazee Ulioanza Kabla Hujazaliwa

Leo tuiache Bongo Fleva ipumue kidogo, tuongelee ubishi uliotuzidi umri sisi wote.

Hapa Kibaha, kaa kijiweni Maili Moja na wazee, halafu redio ipige kitu kipya cha Msondo Ngoma. Hesabu mpaka tatu. Lazima mmoja aseme, "Hii sio Msondo ile." Wa pili atakwambia tarumbeta ziko vizuri, tatizo waimbaji. Wa tatu anataka mnyamaze asikie maneno. Mimi nilikuwa nacheka, najua ni uzee tu. Nilipoanza kufuatilia nikakuta mambo mengine kabisa.

Bendi hii ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, mali ya chama cha wafanyakazi. Wanamuziki walikuwa waajiriwa wa mshahara, vyombo ni vya chama. Chama kikibadilika jina na bendi inabadilika: NUTA, JUWATA, OTTU, mpaka ikaja kujitegemea kama Msondo Ngoma. Sasa hapo kuna kitu. Mwimbaji akiondoka, anaondoka na sauti yake tu. Gitaa linabaki, bendi inabaki, anatafutwa mwingine. Kwa hiyo hiyo "Msondo ile" yenyewe ilikuwa inabadilika kila siku.

Mwaka 1978 mambo yakawa makubwa. Muhidin Gurumo, mtoto wa Masaki, Kisarawe, akatoka na kwenda kuanzisha Mlimani Park na wenzake. Mtindo wao ukaitwa Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, watu wa huku huku kwetu. Mashabiki wakagawanyika kama Simba na Yanga. Babu yangu Kisarawe alibaki Msondo, mdogo wake akahamia Sikinde, wakabishana mpaka wanazeeka.

Na kumbuka, enzi hizo watu hawakuwa wanasubiri albamu kama sisi. Wimbo mpya ulipimwa ukumbini kwanza, watu wakicheza, ndipo bendi ikaenda kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam. Ukiupenda, mara nyingi unasubiri redio iupige tena. Na redio Bara ilikuwa hiyo hiyo moja ya serikali, mpaka miaka ya 90 za binafsi zilipoanza kuingia. Fikiria nchi nzima inasikia wimbo mmoja, miezi na miezi. Utaacha kuupenda? Leo wimbo mpya wa Msondo unaingia sokoni na singeli na Bongo Fleva siku moja, unasikilizwa nusu, mtu anahukumu.

Kwa hiyo kiukweli wazee hawalinganishi nyimbo na nyimbo. Wanalinganisha wimbo waliousikia jana na wimbo walioishi nao miaka arobaini. Hiyo mechi mpya hawezi kushinda.

Gurumo mwenyewe alikuja kurudi Msondo. TX Moshi William alipofariki 2006 watu wakasema basi tena, bendi ikaendelea kupiga. Gurumo akastaafu 2013, Diamond akamzawadia gari, mnakumbuka. Aprili 2014 akafariki, akazikwa kwao Masaki.

Babu naye alishatangulia. Kinachoniuma ni kwamba kila aliposema "hii sio Msondo ile" mimi nilikuwa naongeza sauti ya simu yangu. Sikuwahi kumuuliza ile yake ilikuwa ipi, aliisikia wapi, alikuwa anacheza na nani. Bibi yetu au mwingine? Hatutajua.

Siku hizi mzee akianza pale Maili Moja sibishi. Namuagizia chai, namuuliza, "Ile yako ya mwaka gani, mzee wangu?" Halafu nanyamaza. Jaribu na wewe nyumbani kwenu, wakati bado yupo wa kujibu.