Divai ya Kwetu na Meza Yake

Mhariri wetu amenitaka niandike ukurasa wa historia kama ilivyo desturi ya jarida hili. Amenionya pia nisirudie habari za Vita vya Maji Maji, ambazo, asema, nimekwisha kuziandika mara mbili na wasomaji wamevumilia vya kutosha. Basi safari hii naandika juu ya zabibu.

Wenzangu wa miaka ya 1970 hawajalisahau shamba lililokuwa nyuma ya mabweni. Elimu ya Kujitegemea ilikuwa imetangazwa mwaka 1967, na shule yetu, kama shule zote, ilitakiwa ilime. Wengine walilima mahindi. Sisi wa Ugogo tulipewa mizabibu. Tuliipogoa, tukaimwagilia kwa ndoo, na usiku tukaiibia. Aliyekuwa akitukamata ni mwenzetu, kiranja wa kilimo. Jina lake sitalitaja, maana hapendi kuandikwa. Sote tulimwita Kiranja, na mpaka leo namwita hivyo.

Mwezi Agosti mwaka jana nilikwenda kumtembelea kijijini kwake, nje ya mji wa Dodoma, wakati wa mavuno. Nilijua ana shamba, lakini sikujua kwamba ana kiwanda. Nasema kiwanda kwa heshima tu, kwani ni chumba kimoja kilichojengwa kwa mfano wa tembe la Wagogo: nusu kimezama ardhini, kuta ni nene, na paa ni bapa lililofunikwa udongo. Ndani mna matangi machache, mapipa, na ubaridi ambao huutazamii katika nchi ile ya jua kali. Hatua ishirini kutoka hapo lipo banda lenye meza sita. Mkewe hupika hapo ugali wa uwele, mlenda, kuku wa kienyeji na nyama ya mbuzi. Mgeni hula, hunywa, hulipa na kwenda zake.

Alinionyesha kazi yenyewe. Zabibu nyekundu zinazoitwa Makutupora huchumwa alfajiri kabla jua halijazipasha moto. Hupondwa na kuachwa pamoja na maganda yake. Hamira ya dukani haitiwi, kwani vijidudu vya kuchachusha viko tayari juu ya maganda na katika chumba chenyewe. Sukari haitiwi, rangi haitiwi. Maganda hupanda juu kwa nguvu za uchachu, naye huyashindilia chini asubuhi na jioni. Baada ya siku kadhaa hukamua, akaufunga mvinyo katika tangi lisilopitisha hewa, akangoja machicha yatulie chini.

“Kiranja,” nikamwuliza, “mvinyo mzuri namna hii mbona huupeleki Dar es Salaam?”

“Mwalimu,” akajibu, “huu haupendi lori.”

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Mvinyo wa viwanda vikubwa hutiwa salfa ya kutosha, mara nyingi huchujwa sana, na kwa hiyo husafiri bila kudhurika. Mvinyo usiotiwa kitu, au uliotiwa salfa kidogo mno, ni kama maziwa mabichi. Ukikaa siku mbili katika lori juani, waweza kuchacha upya au kugeuka siki. Hauna budi kunywewa karibu na pale ulipotengenezwa. Kwa hiyo banda lile la meza sita si pambo la kuvutia wageni. Ndilo soko lenyewe.

Jambo hili ni la zamani. Huko Austria, tarehe 17 Agosti 1784, Kaisari Joseph wa Pili alitoa amri iliyowaruhusu wakulima kuuza nyumbani kwao mvinyo wao wenyewe pamoja na chakula. Mkulima mwenye mvinyo tayari alitundika tawi bichi mlangoni. Mvinyo ukiisha, tawi likaondolewa. Nyumba hizo zingalipo mpaka leo pembezoni mwa Vienna na vijijini. Mkulima mdogo, asiye na ghala wala wakala, alipata njia ya kumfikia mnywaji bila kupita mikononi mwa mfanyabiashara. Msomaji wa Ugogo hatashangaa sana, kwa kuwa mama zetu waliokuwa wakipika pombe ya mtama walifanya vivyo hivyo bila amri ya Kaisari yeyote. Pombe ilinywewa palipopikwa.

Nalo jina hili la “mvinyo wa asili” siku hizi linasemwa Ulaya kana kwamba limezaliwa jana. Ufaransa yupo mtu mmoja anayeheshimiwa kuwa mwalimu wa njia hiyo, Jules Chauvet, mfanyabiashara wa mvinyo na mwanakemia wa eneo la Beaujolais, aliyefariki mwaka 1989. Yeye alionyesha kwamba mvinyo waweza kutengenezwa kwa hamira ya zabibu zenyewe bila salfa, mradi zabibu ziwe safi na mtengenezaji awe mwangalifu. Mwaka 2020 Wafaransa wakaiwekea njia hiyo masharti rasmi: zabibu zilimwe bila kemikali za viwandani, zichumwe kwa mkono, zichachuke kwa hamira yake, na salfa isizidi miligramu 30 kwa lita.

Lakini sisi wa Dodoma neno hilo tulilisikia zamani, na tulilisikia kanisani. Prefekti ya Kitume ya Dodoma iliundwa mwaka 1935 na kukabidhiwa mapadre Wapasionisti kutoka Italia. Misa haiadhimishwi bila divai, na sheria ya Kanisa iliyotangazwa mwaka 1917 ilitaka divai hiyo iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, wala isiwe imeharibika. Sheria mpya ya mwaka 1983 ikarudia sharti hilo hilo. Katika miaka ya 1950 wamisionari wakapanda mizabibu Bihawana, na mingi ya mizabibu ya Dodoma inafuata chanzo hicho. Sisemi kwamba divai ya altare na mvinyo wa asili wa Wafaransa ni kitu kimoja. Nasema tu kwamba hapa kwetu zabibu ilianza katika shamba dogo, kwa ajili ya meza iliyokuwa karibu.

Walichokigundua mapadre hao ni kwamba nchi hii kavu ina baraka yake. Mvua ni ya msimu mmoja, haba, nayo hukoma mapema. Ukavu hupunguza ukungu, ambao ni adui wa mzabibu. Tena kwa kuwa hatuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, ukiupogoa huchipua, na mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Mkulima wa Italia huvuna mara moja tu.

Kisha mambo yakakua. Magereza yakapanda, vijiji vikapanda, na baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, zabibu ikawa fahari ya mji mtarajiwa. Kampuni ya umma, DOWICO, ikatia mvinyo katika chupa, na jina la Dodoma likafika mezani kwa watu ambao hawajapata kuiona. Wakulima wakazoea jambo moja: lori litakuja. Miaka ya mageuzi ya uchumi ilipofika, kampuni za umma zikaanguka moja baada ya moja, na lori halikuja tena.

Hapa historia inaingia nyumbani kwangu, nami sina budi kusema kweli. Marehemu baba yangu alikuwa na ekari moja ya mizabibu, na ekari hiyo ndiyo iliyonilipia nauli na sare. Mavuno mawili mfululizo yalimwozea mikononi. Akaniandikia barua kuniuliza afanye nini, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Nilimjibu kwa ukurasa mmoja: ng'oa, panda alizeti. Baba aling'oa mwaka 1996. Alizeti ilimpa chakula, silalamiki. Lakini mama aliniambia kwamba siku ile mzee hakutaka kibarua. Aling'oa kila shina kwa mkono wake, na jioni hakula.

Baba yake Kiranja alikuwa jirani yetu. Yeye hakuwa na mtoto mwalimu wa kumshauri, akaiacha mizabibu yake. Ndiyo hiyo niliyoila mwezi Agosti.

Kosa langu halikuwa katika hesabu. Nilifikiri kwamba zao lililokosa mnunuzi mmoja mkubwa limekufa, wala sikukumbuka kwamba lilizaliwa bila mnunuzi mkubwa. Hata leo, ingawa viwanda vimefufuka na vingine vikajengwa tangu miaka ya 2000, kikiwamo kile cha Hombolo, bado wakulima wengi hupata msimu mzuri wakakosa pa kuuzia. Mwenye haraka huuza mchuzi wa zabibu kwa bei anayopewa. Kiranja hawezi kuwaokoa wote kwa meza sita, naye hadai hivyo. Lakini jirani zake watano humwuzia zabibu, na bei hupangwa nao wakiwa wameketi chini ya mti, kabla ya mavuno.

Nilipoaga nilimwambia habari ya ile barua, ambayo sikuwahi kumwambia mtu nje ya ukoo. Alinyamaza, akajaza bilauri yangu, kisha akasema, “Mwalimu, machipukizi yapo. Ardhi ya mzee ingali yenu?”

Ingali yetu. Mwaka huu nimepanda mashina mia mbili.

Najua wapo ndugu zetu ambao dini au afya haiwaruhusu kunywa divai. Mke wa Kiranja hukamua pia maji ya zabibu yasiyochachuka, na mlenda wake hauna mpaka wa dini. Kwa hiyo naiomba Kamati ya Mkutano ifikirie jambo moja. Mwaka ujao, badala ya kukodi ukumbi mjini na kula wali wa sufuria kubwa, twende tukale kwa Kiranja. Meza hazitatosha, wengine tutaketi chini, kama tulivyoketi tukipogoa. Na yeyote aliyewahi kumwibia zabibu atapata nafasi ya kulipa.