Methanoli: Kiowevu cha maabara kisichosamehe uzembe

METHANOLI ni kiowevu kisicho na rangi, chepesi kuliko maji, na harufu yake inakaribiana mno na ile ya pombe ya kawaida. Katika maabara za Kisumu, na katika vituo vya afya vilivyotapakaa ufuoni mwa Ziwa Victoria kuanzia Siaya hadi Homa Bay na Migori, si jambo geni kukuta chupa yake mezani.

Kiowevu hicho hicho kiliua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya mabanda jijini Nairobi mnamo Novemba 2000, baada ya kutiwa katika pombe haramu, na kuwaacha wengine wakiwa vipofu. Mwezi Mei 2014 maafa ya aina hiyo yalitokea tena katika kaunti kadhaa za Kenya, zikiwemo Embu na Kiambu. Ndiyo maana kila anayeishika chupa hiyo, awe mtaalamu wa maabara, mwalimu wa kemia, mwanafunzi au mfanyakazi wa usafi, anapaswa kujua inavyodhuru na jinsi ya kujikinga.

Kazi yake maabarani

Eneo la ziwa ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazosumbuliwa zaidi na malaria, na upimaji wa damu kwa hadubini ungali unategemewa. Mtaalamu hutandaza damu juu ya kioo kwa namna mbili: doa nene la kutafutia vimelea, na utando mwembamba wa kutambulia aina yao.

Utando mwembamba hutiwa methanoli kwa muda mfupi ili chembe za damu zishikamane na kioo. Doa nene haliguswi. Methanoli, hata mvuke wake tu, huzuia chembe nyekundu kupasuka, na vimelea vikabaki vimefichika. Rangi ya Giemsa inayotumiwa kuvidhihirisha vimelea hivyo nayo huyeyushwa katika methanoli na gliserini.

Kazi hiyo hufanywa hospitalini, katika vyuo vya mafunzo ya utabibu na katika vituo vya utafiti, mathalani kile cha Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) kilichoko Kisian, kando ya barabara ya kutoka Kisumu kwenda Busia. Wanakemia pia huitumia methanoli kutenga viambato vya dawa vilivyomo katika majani na mizizi ya miti shamba.

Kiowevu hiki hufyonza unyevu uliomo hewani. Chupa ikiachwa wazi katika hewa nzito ya ziwani, maji huingia taratibu, chembe za damu zikapoteza umbo lake na majibu ya kipimo yakapotosha. Hivyo basi, mfuniko uliokazwa vyema humkinga mgonjwa pamoja na mfanyakazi.

Sumu inayochelewa kujitokeza

Methanoli huingia mwilini kwa kunywewa, kwa kuvuta mvuke wake na kwa kupenya ngozi. Yenyewe hailevyi sana. Madhara makubwa huanza inapofika kwenye ini, ambako kimeng'enya kinachosaga pombe huigeuza kuwa fomaldehidi, kisha asidi ya fomiki. Asidi hiyo huvuruga uwezo wa seli kutumia oksijeni, na mshipa wa fahamu wa jicho ndio huumia mapema.

Kiasi cha mililita 10 kimewahi kumpofusha mtu mzima, na mililita 30 zinaweza kuua. Kiasi hicho cha pili ni vijiko viwili tu vya mezani.

Hatari zaidi ni kwamba mwathiriwa huweza kujihisi mzima kwa saa 12 hadi 24. Baadaye huja maumivu ya kichwa, kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kupumua kwa kasi, na macho huona ukungu mweupe. Iwapo alikunywa pamoja na pombe ya kawaida, dalili huchelewa zaidi, kwani ini hushughulikia kwanza ethanoli.

Wakazi wa ukanda wa miwa wa Muhoroni na Chemelil wameizoea ethanoli itokanayo na molasi, na wapo wanaodhani kwamba methanoli katika chang'aa hutokana na upikaji mbaya. Ukweli ni kuwa uchachushaji wa sukari huzalisha methanoli kidogo mno. Maafa ya halaiki husababishwa na kemikali ya viwandani au ya maabara iliyochanganywa katika kinywaji ili kuongeza ukali na faida. Kwa sababu hiyo, chupa inayotoweka katika stoo ya shule au zahanati si hasara ya kifedha pekee. Ni jambo la kupigwa ripoti mara moja.

Hakuna njia ya kuitambua kwa ulimi au pua. Hata imani kwamba pombe yenye moto wa samawati ni salama haina msingi, kwa kuwa methanoli nayo huwaka kwa rangi hiyo.

Moto usioonekana

Methanoli huchemka katika nyuzijoto 65 hivi, na mvuke wake huweza kushika moto kiowevu kikiwa na nyuzi 11 tu. Katika mji wenye joto kama Kisumu, ambako mchana nyuzi huwa karibu 30, kila chupa iliyofunguliwa hutoa mvuke wa kutosha kuwaka. Mvuke ukiwa kati ya asilimia 6 na 36 ya hewa ya chumbani, cheche moja inatosha kuulipua.

Ndimi za moto wake ni hafifu kiasi kwamba hazionekani katika mwanga wa jua. Mtu anaweza kuusogelea moto huo bila kujua, akashtushwa na joto pekee. Ajali nyingi duniani, hasa madarasani, zimetokea pale mtu alipoongeza methanoli kwenye chombo akidhani moto umezimika. Taa ya spiriti kwa hivyo haijazwi kabla haijapoa kabisa.

Moto huo huzimwa kwa kizimamoto cha unga, cha gesi ya kaboni au povu maalumu lisiloharibiwa na pombe. Povu la kawaida huvunjika linapogusana na methanoli.

Uhifadhi na utumiaji

Chupa halisi huwa na alama tatu za tahadhari: mwali wa moto, fuvu la kichwa na mifupa, na kifua cha binadamu chenye nyota. Kiowevu hakipaswi kamwe kuhamishiwa katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Kinapogawanywa, kila chombo kibandikwe jina, tarehe na alama hizo.

Chupa zihifadhiwe katika kabati la chuma linalofungwa kwa kufuli, mbali na jua, majiko, swichi zenye cheche na kemikali zinazochochea moto, kama vile asidi ya nitriki. Mezani kiwepo kiasi cha kazi ya siku hiyo tu.

Kazi ifanyike chini ya kabati la kunyonya mvuke, au penye madirisha yaliyo wazi pande mbili za chumba. Mfanyakazi avae koti la maabara, miwani ya kujikinga na glavu. Glavu nyembamba hupenywa upesi, kwa hivyo zikilowa zivuliwe papo hapo na mikono ioshwe kwa maji na sabuni. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 humtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga pamoja na maelezo kuhusu kemikali wanazozitumia. Mfanyakazi ana haki ya kuyadai maelezo hayo.

Mabaki na ziwa

Methanoli peke yake huozeshwa na bakteria katika maji kwa siku chache. Hata hivyo, bakteria hao hutumia oksijeni, na Ghuba ya Winam, yenye magugumaji na majitaka, haina oksijeni ya kupoteza. Mabaki ya maabara mara nyingi huwa pia yamechanganyika na rangi na damu. Yasimwagwe kwenye sinki, kwani mifereji ya Kisumu na mito kama Kisat huishia ziwani, wanakovuliwa ngege na omena. Yakusanywe katika chombo chenye kibandiko na kukabidhiwa mzoaji aliyepewa leseni na mamlaka ya mazingira, NEMA.

Huduma ya kwanza

Aliyevuta mvuke apelekwe penye hewa safi. Aliyerukiwa machoni aoshwe kwa maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Nguo zilizolowa zivuliwe na kuwekwa mbali na moto.

Aliyekunywa asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitalini bila kusubiri dalili, pamoja na chupa au mabaki ya kinywaji. Madaktari wana dawa ya fomepizoli, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka wa 2013. Inapokosekana, hutumia ethanoli kwa vipimo maalumu ili kukizuia kimeng'enya cha ini, huku damu ikisafishwa kwa mashine. Tiba hiyo haijaribiwi nyumbani kwa kumwongezea mgonjwa pombe.

Kwa mkazi wa Kisumu, hospitali kuu ya rufaa ni ile ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi wangali wanaiita Russia. Mgonjwa anayefikishwa asidi ikiwa bado haijarundikana katika damu ana nafasi kubwa ya kunusurika akiwa na macho yake. Anayelala nyumbani akingoja kichwa kitulie huenda akaamka asubuhi asione.