Kaya Pacha: Istilahi kwa Ajili ya Wanaoishi Peke Yao

Janga la Uviko-19 lilituachia msamiati wa makatazo. Barakoa, karantini, kafyu, kujitenga, kutokaribiana: maneno haya yalifika redioni na sokoni ndani ya miezi michache. Lakini nafuu waliyopewa watu waliofungiwa peke yao haikupata jina katika Kiswahili. Waingereza waliiita "support bubble", na ndiyo istilahi ninayoijadili hapa.

Machi 23, 2020, Waziri Mkuu Boris Johnson aliwaamuru watu wa Uingereza wabaki majumbani. Ruhusa ya kutoka ilikuwa ya kununua mahitaji, kufanya mazoezi mara moja kwa siku, kupata matibabu, au kwenda kwenye kazi isiyoweza kufanyika nyumbani. Waliojaa ndani ya nyumba moja walichoshana na kugombana, ila walikuwa na mtu wa kula naye. Aliyeishi peke yake hakuguswa na mtu. Na hawa hawakuwa wachache: takwimu za nchi hiyo za mwaka 2019 zilionyesha watu wapatao milioni 8 wakiishi peke yao, wakiwemo wazee wengi waliofiwa na wenzi wao.

Simu na video zilisaidia, lakini hazimshiki mtu mkono. Aliyefiwa Aprili alizika, akarudi kwenye nyumba tupu, na hakuna aliyeruhusiwa kuja kulala naye. Kwetu sisi tuliozoea matanga, hilo ni gumu hata kulifikiria. Mwanasaikolojia John Cacioppo wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyefariki mwaka 2018, alifundisha kwamba upweke ni ishara ya mwili kama njaa na kiu: unamsukuma mtu kuwatafuta wenzake. Amri ya kubaki nyumbani iliiacha ishara hiyo iendelee kulia, na papo hapo ikakataza kuiitikia. Ndiyo maana naiona adha ile kuwa jeraha, wala si unyonge wa watu wasiojua kukaa peke yao.

Juni 13, karibu wiki 12 baadaye, ndipo England ilipomruhusu mtu mzima anayeishi peke yake, au mzazi anayelea peke yake watoto wa chini ya miaka 18, aungane na kaya nyingine moja. Tangu hapo kaya hizo mbili zilihesabiwa kuwa moja. Watu waliweza kuingia ndani, kukumbatiana na kulala huko bila kupima umbali wa mita 2. Masharti yalikuwa makali: mmoja akionyesha dalili, wote wajitenge; na ukishaichagua kaya, hupati ya pili. Bibi mwenye watoto wawili wenye miji yao alilazimika kuamua aende kwa nani.

Sasa tuiiteje? "Kiputo cha msaada" ni tafsiri ya neno kwa neno, na inapotosha. Kiputo hupasuka kikiguswa, ilhali mpango huu ulikuwepo ili watu waguswe. "Povu" ni baya zaidi, kwani mitaani kutoa povu ni kupayuka kwa hasira. "Msaada" nao unaleta picha ya magunia ya unga, na kumfanya anayeishi peke yake aonekane mpokeaji tu, hali mwenyeji wake naye alihitaji mtu. Scotland walisema kaya iliyopanuliwa, na hilo linakaribia. Hata hivyo, msomaji wetu akisikia kaya pana atawafikiria wajomba, shangazi na binamu bila idadi, na rafiki wa karibu ataachwa nje.

Napendekeza "kaya pacha". Tayari tunasema miji pacha kwa miji miwili iliyofungamana kwa makubaliano, kwa hiyo pacha si lazima wawe wa tumbo moja. Neno hilo linabeba idadi, yaani mbili tu; linabeba usawa; na halidai undugu wa damu.

Nawasihi wahariri wa kamusi walipime. Na nawasihi zaidi wanaoandika miongozo ya dharura za afya: janga jingine likija, kifungu cha kaya pacha kiwemo katika amri ya siku ya kwanza, kisisubiri wiki 12.