Jinsi ya kuteua viungo vya shafti unapofufua gari la kale la spoti

WAHENGA walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ina hekima yake shambani, lakini gerejini haifai, hasa kwa mtu anayefufua gari la kale la spoti. Huko, asiyechagua kipuri kwa makini hujikuta akilipa mara mbili: kwanza dukani, kisha barabarani.

Miongoni mwa vipuri vinavyopuuzwa ni viungo vya shafti zinazopeleka nguvu kutoka kwenye difu hadi magurudumu ya nyuma. Mwenye gari hugharimika kwa rangi, viti na kromu, ilhali viungo hivyo vilivyojificha mvunguni huachiwa fundi anunue chochote kitakachoingia. Ili kueleza namna ya kuvichagua, tutatumia mfano wa gari ambalo Afrika Mashariki inalikumbuka vyema: Datsun 240Z.

Gari hilo lilizinduliwa nchini Japani mwaka 1969 likiitwa Fairlady Z. Mwaka 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya East African Safari Rally wakiliendesha. Mwaka 1973, Shekhar Mehta na Lofty Drews walitwaa ushindi kwa gari la aina iyo hiyo, baada ya kufungana kwa alama za adhabu na Harry Källström aliyekuwa katika Datsun nyingine. Sifa hizo ndizo zinazofanya magari hayo yaendelee kutafutwa na kufufuliwa hadi leo.

Kazi ya kiungo

Difu ya 240Z imefungwa kwenye bodi, lakini kila gurudumu la nyuma hupanda na kushuka peke yake. Kwa hivyo, shafti inayounganisha viwili hivyo lazima iweze kujipinda ikiwa inazunguka. Aidha, lazima iweze kurefuka na kufupika, kwa kuwa umbali kati ya difu na gurudumu hubadilika kila gari linapopita shimoni.

Kazi ya kujipinda hufanywa na viungo viwili vya krosi, kimoja katika kila ncha ya shafti. Krosi ni kipande cha chuma chenye umbo la msalaba, na kila ncha yake imevikwa kikombe chenye beringi nyembamba mfano wa sindano. Kazi ya kurefuka hufanywa katikati, ambako shafti imegawanyika vipande viwili. Kimoja huteleza ndani ya kingine juu ya gololi zilizopangwa mferejini.

Mzigo wa viungo hivyo si haba. Injini ya 240Z, yenye silinda sita na ujazo wa lita 2.4, ilitajwa kuwa na nguvu ya mzunguko ya karibu Nm 200. Katika toleo la gia nne lililouzwa Marekani, gia ya kwanza na difu kwa pamoja ziliizidisha nguvu hiyo karibu mara 12. Ikigawanywa kwa magurudumu mawili, kila shafti hubeba takriban Nm 1,200, kabla ya kuhesabu mshtuko wa dereva kuachilia klachi kwa ghafla.

Kiungo kikikatika gari likiwa kasini, ncha iliyoachwa huru huzunguka na kupiga kila kilicho karibu, yakiwemo mabomba ya breki. Hiyo ndiyo sababu suala hili ni la usalama kabla ya kuwa la urembo.

Chunguza kabla ya kununua

Hatua ya kwanza ni kujua kilichoharibika. Inua gari, liegemeze juu ya stendi imara, kisha shika sehemu mbili za kiungo na uzizungushe kinyume. Kiungo kizima hakina mchezo wowote. Mlio wa "tak" unaposikika gia ikibadilishwa kutoka mbele hadi kurudi nyuma ni dalili ya kuchakaa, ingawa difu na meno yake pia huweza kutoa mlio huo. Vumbi jekundu la kutu kandokando ya vikombe huonyesha kuwa grisi ilikwisha zamani.

Baada ya kufungua, pitisha ukucha juu ya ncha za krosi. Ukikwama kwenye mistari midogo iliyochorwa na beringi, krosi hiyo imekwisha hata kama haitikisiki. Tazama pia uma zinazoshika vikombe. Ikiwa tundu la uma limepanuka, krosi mpya italegea na pesa zako zitakuwa zimepotea bure.

Usisahau gololi za katikati. Shafti yaweza kuwa na krosi mpya kabisa na bado ikawa hatari, kwa sababu sehemu ya kuteleza imekwama kwa kutu. Shafti isiyoteleza husukuma difu na beringi za gurudumu kila gari linaporuka. Kabla ya kutenganisha vipande, weka alama ili virudi vilivyokuwa.

Pima, usikisie

Jina la gari pekee halitoshi. Ukoo wa 240Z, 260Z na 280Z ulitumia difu za aina mbalimbali, zikiwemo R180 na R200. Aidha, yapata katikati ya mwaka 1971 difu ya 240Z ilisogezwa nyuma kwa takriban milimita 35. Katika magari ya awali, shafti zilikaa mshazari hata gari likiwa limesimama, na viungo vyake vilifanya kazi kwa pembe kubwa zaidi. Isitoshe, gari lenye umri wa miaka 50 huenda limebadilishwa vipuri na wamiliki kadhaa.

Kwa hivyo, chukua kalipa upime mambo matatu: kipenyo cha kikombe, urefu wa krosi kutoka uso wa kikombe kimoja hadi cha pili kilichoelekeana nacho, na jinsi inavyobanwa. Krosi nyingine hubanwa na pete zinazokaa upande wa ndani wa uma, nyingine upande wa nje. Beba krosi ya zamani dukani, na ufungue boksi papo hapo. Hakikisha kila kikombe kina beringi zote, kwani sindano moja ikianguka kikombe hakiwezi kukaa sawasawa.

Jihadhari na bidhaa ghushi. Kenya ina sheria ya kupambana nazo tangu mwaka 2008, lakini sheria haiwezi kusimama nawe dukani. Krosi yenye kingo zisizolainishwa, vikombe vinavyotofautiana kipenyo au boksi lisilo na namba ya kipuri haifai kubeba uhai wa mtu, hata bei yake ikiwa nafuu kiasi gani.

Njia tatu za kuchagua

Njia ya kwanza ni krosi yenye chuchu ya kutilia grisi. Faida yake ni kwamba fundi anaweza kuipa grisi mpya na kusukuma nje maji na vumbi. Kasoro yake ni kuwa chuma kimetobolewa ndani ili kupitisha grisi, na tundu hilo hupunguza nguvu yake kidogo. Inamfaa anayelitumia gari katika barabara za vumbi na matope, mradi akumbuke kuihudumia.

Ya pili ni krosi iliyofungwa kabisa. Haina tundu, hivyo ni imara zaidi kwa ukubwa ule ule, lakini grisi yake ikiisha hakuna tiba ila kuibadilisha. Inalifaa gari linaloendeshwa kwa nguvu kwenye lami, au lile linalotoka mara chache kwenda katika maonyesho kama Concours d'Elegance ya Nairobi.

Ya tatu ni kuachana na krosi na kufunga shafti zenye viungo vya mwendo sawa, ambavyo mafundi wetu huviita sivi. Ili kuelewa faida yake, yafaa kujua udhaifu wa krosi. Krosi inapojipinda, upande mmoja wa kiungo hauzunguki kwa kasi iliyo sawa na mwingine. Kwa pembe ya nyuzi 10, kasi hupungua na kuongezeka kwa karibu asilimia 1.5, mara mbili katika kila mzunguko. Kwa nyuzi 20, tofauti hiyo hufika asilimia 6. Krosi ya pili hufuta kosa la ya kwanza, lakini hulifuta kabisa pale tu pembe za ncha zote mbili zinapolingana na uma za shafti zimeelekea upande mmoja.

Kiungo cha sivi hakina kasoro hiyo. Muundo unaojulikana zaidi, wenye gololi sita, ulibuniwa na Alfred Rzeppa katika miaka ya 1920, na viungo vya aina hiyo vilitumika katika gari dogo la Mini lililozinduliwa mwaka 1959. Wafufuaji wengi wa 240Z hutumia shafti za sivi kutoka Datsun 280ZX Turbo, wakitengenezewa flanji za kuziunganisha.

Hata hivyo, njia hii ina masharti. Shafti ikiwa ndefu mno itagonga mwisho wake gurudumu linapopanda na kuivunja difu. Ni lazima urefu upimwe gurudumu likiwa juu kabisa, kisha chini kabisa. Pia, uhai wa sivi umo ndani ya mfuko wake wa mpira. Mfuko ukichanwa na jiwe au mwiba, mchanga huingia na kiungo hufa upesi. Anayeliinua gari lake kwa ajili ya barabara mbovu akumbuke kwamba anaongeza pembe, na hivyo kuongeza kazi ya kiungo chochote atakachofunga.

Ufungaji

Kipuri bora hufungwa vibaya kikageuka takataka. Vikombe visukumwe kwa jiriwa au mashine ya kubana, si kwa nyundo, kwa maana nyundo huangusha sindano na kupinda uma. Krosi lazima ikae katikati; ndiyo maana pete za kubania hutolewa kwa unene tofauti. Baada ya kufunga, kiungo kijipinde kwa mkono pande zote bila kukwama wala kulegea.

Uma za ncha mbili zielekezwe sawa kama zilivyokuwa. Zikipishana, makosa ya krosi mbili hujumlika badala ya kufutana, na gari litatetemeka hata kama kila kipuri ni kipya. Krosi hutiwa grisi ya lithiamu ya kuhimili shinikizo kubwa. Sivi huhitaji grisi yenye molibdeni. Bolti za flanji ziwe mpya, na zikazwe kwa spana ya kupimia mkazo.

Uamuzi basi utegemee kazi ya gari. Anayetaka kuhifadhi 240Z kama ilivyotoka kiwandani, na injini yake haijaongezwa nguvu, hana sababu ya kukimbilia sivi. Krosi nzuri zilizopimwa na kufungwa vyema zinamtosha. Anayeongeza nguvu za injini, au anayechoshwa na mtetemo licha ya viungo kuwa vizima, ndiye mwenye sababu ya kubadilisha mfumo. Na katika hali zote mbili, shafti za asili zisitupwe. Zifutwe, zipakwe mafuta na zihifadhiwe, kwani anayefuata kulimiliki gari hilo huenda akazihitaji.